Mwongozo kamili wa kupanda mikoko ikashika: pima ardhi kabla ya kuokota mbegu

Kila baada ya masika napokea picha ileile kutoka vikundi vya pwani. Tope tupu, vijiti vimesimama safu kwa safu, vichwa vimekauka. Chini ya picha kuna swali: "Tumepanda miche elfu tatu, mbona haikubaki hata mia?"

Nimeshajibu swali hili mmoja mmoja vya kutosha. Jibu langu ni lilelile karibu kila mara: mbegu zilikuwa nzima na watu walifanya kazi kwa bidii, ila mahali palipopandwa hapakuwa pa mikoko. Mikoko huishi kwenye ukanda mwembamba wa kimo, kati ya maji mengi mno na maji machache mno. Ukikosea kimo hicho kwa sentimita 40, hakuna mbolea wala dua ya kikundi itakayouokoa mche.

Mwongozo huu unaanza na ardhi na maji. Mbegu zinakuja baadaye.

Jambo moja la lugha kwanza. Nikisema "mikoko" kwa wingi, nina maana ya jamii nzima ya miti hii. Nikisema "mkoko" kwa umoja, nina maana ya ule wenye mizizi mirefu iliyopinda kama magoti.

## Vitu vya kuandaa

- Kibali. Kenya, anzia ofisi ya huduma ya misitu iliyo karibu na chama cha jamii cha misitu. Tanzania Bara ni TFS, yaani wakala wa huduma za misitu, na Zanzibar ni idara ya misitu. Misitu ya mikoko ni hifadhi, hata kupanda kunahitaji ruhusa.
- Ratiba ya kujaa na kupwa kwa maji ya bandari iliyo karibu nawe.
- Mpira mwangavu wa maji wa mita 20, ule ambao mafundi ujenzi husawazishia msingi.
- Fito mbili zilizonyooka za mita 2, zenye alama kila sentimita.
- Vigingi, na kamba yenye fundo kila mita moja na nusu.
- Daftari na penseli. Wino hufutika ukilowa.
- Majembe na makoleo, ikiwa kuna kuta au mifereji ya kufungua.
- Magunia ya katani au makapu ya ukili kwa ajili ya mbegu.
- Viriba, yaani vifuko vya kuoteshea miche, kwa wale watakaopanda mchu tu, aina mojawapo ya mikoko.
- Mzee mmoja au wawili wanaovua hapo tangu utoto. Hawa msiwaache nyumbani.

## Hatua ya 1: Uliza kwa nini miti haipo

Mkoko hauhitaji mtu wa kuupanda. Mbegu yake huota ikiwa bado juu ya mti, huanguka, huelea, na hubebwa na maji hadi pale inapokwama na kushika. Mti mmoja mkubwa hudondosha mbegu nyingi kila mwaka.

Basi mkiona uwanja mtupu umbali mfupi tu kutoka msituni, na mbegu zinapita hapo kila bamvua, yaani maji makuu ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, kuna kitu kinachozizuia kushika. Kitu hichohicho kitazuia na zenu. Lazima mkijue kwanza.

Sababu huwa mojawapo ya hizi. Maji yamezibwa na ukuta wa shamba la chumvi lililoachwa au barabara isiyo na karavati. Au udongo umefunikwa, kama ilivyotokea hori ya Mwache, Mombasa, mvua za El Niño za 1997 na 1998 ziliposhusha mchanga na tope likazika mizizi ya kupumulia. Au ufuo unaliwa na mawimbi. Au watu na mifugo wanaendelea kukata na kula. Au mbegu hazifiki kabisa, kwa kuwa miti mama yote imekwisha.

Hiyo ya mwisho ndiyo pekee inayotibiwa moja kwa moja kwa kupanda. Nyingine zote zina kazi ya kufanywa kabla.

Hapa ndipo mzee wa kuvua anapohitajika. Wakati mmoja nilikuwa nimeshaweka vigingi kwenye tope zuri, bapa, karibu na njia. Mzee aliyekuwa akitengeneza wavu alipokea shikamoo yangu, akatazama vigingi, akasema: "Mwanangu, hapa tangu nikiwa mdogo ni pa chaza na ndege. Mikoko ilikuwa kule, nyuma ya ukuta ule." Ukuta wenyewe ulikuwa wa bwawa la chumvi lisilotumika. Kazi yetu ikageuka siku hiyohiyo.

Onyo: Msipande juu ya majani bahari, wala kwenye tope tupu ambako kina mama huokota chaza na ndege hula maji yakipwa. Hapo si pabovu wala si patupu. Ni makazi ya viumbe wengine, na mikoko haijawahi kuwa hapo kwa sababu maji hukaa mno.

Mmefanikiwa hatua hii mkiweza kusema kwa sentensi moja kwa nini miti haipo, na mzee akakubali.

## Hatua ya 2: Pima kimo cha ardhi

Hii ndiyo hatua inayorukwa. Nitakaa nayo.

Pwani yetu maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku. Wakati wa bamvua, siku mbili tatu baada ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti kati ya maji makuu na maji madogo huweza kufika mita 4 hivi Mombasa na Unguja. Wakati wa maji mafu, katikati ya bamvua moja na nyingine, tofauti hupungua sana. Katika kimo chote hicho, mikoko huchukua sehemu ya juu tu: kuanzia karibu na usawa wa wastani wa bahari hadi pale bamvua kubwa huishia.

Sababu ni pumzi. Tope lililolowa halina hewa. Mchu na mlilana hutoa mizizi ya kupumulia inayochomoza juu kama penseli, na mkoko huvuta hewa kwa vinyweleo vya mizizi yake ya magoti. Mizizi hiyo ikizama muda mrefu, mti hukosa pumzi. Kwa jumla mikoko hustawi pale ambapo ardhi hufunikwa na maji chini ya theluthi moja ya muda. Tope la chini kabisa, ambalo vikundi hulipenda kwa sababu halina mwenyewe, hukaa ndani ya maji zaidi ya nusu ya siku. Mche mdogo hapo hauna mizizi ya kupumulia bado, wala majani ya kutosha juu ya maji. Huishi kwa akiba iliyo ndani ya mbegu, na akiba ikiisha hufa. Ndiyo maana picha za mwezi wa tatu tangu kupanda huwa nzuri na za mwezi wa kumi huwa za vijiti vikavu.

Sasa pimeni.

Kwanza, tafuteni kielelezo. Nendeni kwenye msitu wa asili ulio karibu, kwenye hori hilohilo. Tafuteni miche michanga iliyojiotea yenyewe, ya mwaka mmoja au miwili. Msitumie miti mizee: mti mzee unaweza kuwa umesimama mahali ambapo udongo umeshaliwa, na mche mpya usingeshika hapo tena. Wekeni kigingi pale miche ya aina moja inapoanzia upande wa bahari, na kingine pale inapoishia upande wa bara. Fanyeni hivyo sehemu tano tofauti.

Pili, jazeni mpira maji. Hakikisheni hamna povu la hewa ndani. Povu moja huharibu kipimo chote. Fungeni kila ncha kwenye fito yake, na msizibe ncha.

Tatu, mtu mmoja asimame kwenye kigingi cha kielelezo, mwingine pale mnapotaka kupanda. Maji yakitulia, kila mmoja asome alama. Tuseme kwenye kielelezo maji yako sentimita 110 juu ya ardhi, na kwenye shamba lenu yako sentimita 150. Shamba liko chini kwa sentimita 40. Ikiwa mlisimama kwenye mpaka wa chini kabisa wa miche ya asili, maana yake mko nje ya ukanda kwa sentimita 40. Hapo hapapandwi.

Ikiwa umbali unazidi mpira, endeni kwa vituo, kila kituo mkiandika tofauti yake, kisha jumlisheni.

Kuna njia ya kuhakiki isiyo na gharama. Siku tulivu isiyo na upepo, simamisheni fito zilizopakwa chaki, moja kwenye kielelezo na nyingine shambani, maji yajae, yatulie, kisha yapwe. Maji yatakuwa yamefuta chaki hadi usawa uleule kila mahali. Pimeni urefu kutoka ardhini hadi chaki inapoanzia. Tofauti ya urefu huo ndiyo tofauti ya kimo cha ardhi. Njia hii haifai penye mawimbi.

Onyo: Jicho hudanganya hapa. Kwenye ufuo bapa, sentimita 30 za kimo zinaweza kutandazwa kwenye mita nyingi za kutembea, na mtu aliyesimama haoni mteremko wowote.

Mmefanikiwa mkiwa na mchoro kwenye daftari unaoonyesha vigingi vilivyo ndani ya ukanda na vilivyo nje. Ng'oeni vya nje, hata kama ni nusu ya shamba.

## Hatua ya 3: Rudisheni maji

Ikiwa tatizo ni ukuta au mfereji ulioziba, kazi kubwa ni ya jembe.

Tafuteni mahali kijito cha zamani kilipopita. Mara nyingi alama yake bado inaonekana kama mkunjo kwenye tope pande zote za ukuta. Fungueni hapo. Ukuta ukitobolewa ovyo sehemu nyingi, maji huingia bila mwendo na hayasafishi njia yake.

Fanyeni kazi wakati wa maji mafu. Bamvua likikuta ukuta umefunguliwa nusu, maji huingia kwa nguvu na kuchimba shimo. Wekeni kingo kwa mteremko ili zisibomoke, na udongo mnaotoa msiurundike juu ya mizizi ya miti iliyo hai.

Halafu subirini. Nasema subirini nikijua kwamba wafadhili wanataka picha za watu wakipanda. Ikiwa miti mama iko karibu, bamvua za mwaka mmoja zinaweza kuleta miche mingi kuliko ambayo kikundi kingepanda kwa wiki nzima, na kila mmoja utakuwa umejichagulia mahali pake. Uwanja wenye ganda jeupe la chumvi nao huhitaji muda, ili maji yaingiayo na kutoka yaoshe chumvi.

Mmefanikiwa maji yakiingia na kutoka yote bila kuacha dimbwi, na mashimo mapya ya kaa yakianza kuonekana.

## Hatua ya 4: Linganisheni aina na kimo

Aina za mikoko hazichanganyiki ovyo. Kila moja ina uvumilivu wake wa maji na chumvi, nayo hujipanga kutoka baharini hadi bara.

Mbele kabisa, penye maji mengi, ni mlilana. Nyuma yake mkoko. Kisha muia, ambao wengine huuita msinzi, na mkandaa. Mchu hupatikana hasa nyuma, penye chumvi kali, lakini pia hutokea mbele karibu na mlilana. Mkomafi hupenda kingo ambako maji matamu hufika.

Mchu unaweza chumvi kwa sababu huitoa kwa majani. Ramba jani lake asubuhi, utaionja. Mkoko hauna njia hiyo. Huichuja mizizini, na ukiupanda kwenye uwanja wa chumvi kali hukausha majani ukiwa umesimama ndani ya unyevu.

Kwa hiyo angalieni nini kimeota kwenye kimo sawa na chenu, mkapande hicho. Tabia ya kupanda mkoko peke yake kila mahali, kwa kuwa mbegu yake ni ndefu na rahisi kuchomeka, ndiyo sababu ya pili ya kushindwa baada ya kimo. Pia shamba la aina moja hushambuliwa kirahisi zaidi na mdudu mmoja.

## Hatua ya 5: Okoteni mbegu zilizokomaa

Mbegu ya mkoko iliyokomaa ina shingo ya njano kati ya tunda na ule mwili mrefu wa kijani. Ukitikisa tawi, huachia yenyewe. Ikiwa lazima uivute kwa nguvu, iache. Mkandaa nao huonyesha shingo ya njano, mwili wake ni mwembamba na mfupi zaidi.

Kataeni yenye tundu dogo kama la sindano. Ndani kuna mdudu anayetoboa, naye atakula akiba yote. Kataeni pia iliyovunjika ncha ya juu, kwa kuwa hapo ndipo majani hutokea.

Chukueni kutoka miti mingi, kila mmoja kidogo, na acheni za kutosha zianguke zenyewe. Hifadhini kivulini ndani ya magunia yaliyolowa maji ya hori, na pandeni ndani ya wiki moja.

## Hatua ya 6: Kitalu, kwa mchu

Mkoko, muia na mkandaa hazihitaji kitalu. Zichomekeni moja kwa moja. Mchu ndio unaokihitaji, kwa sababu mbegu yake ni ndogo na maji huichukua.

Lowekeni mbegu za mchu siku moja hadi ganda litoke. Ziwekeni juu ya kiriba kilichojaa tope lililochanganywa na mchanga kidogo, mkizikandamiza taratibu bila kuzifunika. Kitalu kiwe mahali maji ya kujaa yanapofika kidogo, chini ya kivuli chepesi. Punguzeni kivuli polepole. Baada ya miezi mitatu au minne, mche wenye majani sita uko tayari.

Mlilana una vijimbegu vidogo sana ndani ya tunda na unataka mkono uliozoea. Kwa msimu wa kwanza, uacheni.

## Hatua ya 7: Siku ya kupanda

Pandeni wakati wa mvua, kwa sababu maji matamu hupunguza ukali wa chumvi wiki za mwanzo.

Kwa shamba la ukanda wa kati, pandeni bamvua likiisha, maji yanapoanza kupungua siku hadi siku. Mche hupata siku kadhaa za kushika kabla ya maji makubwa kurudi. Kwa shamba la juu, upande wa bara, fanyeni kinyume: pandeni siku chache kabla ya bamvua, la sivyo mche utakaa kwenye jua zaidi ya wiki bila tone.

Toboeni tope kwa kijiti. Ingizeni mbegu ncha iliyochongoka ikiwa chini, theluthi moja ya urefu wake. Ukizamisha nusu, unauziba. Ukizamisha kidogo, maji yataung'oa. Kandamizeni tope kwa vidole.

Nafasi ya mita moja na nusu hutosha mahali pengi, yaani miche kama 4,400 kwa hekta. Penye maji yenye kusukuma, mita moja. Acheni wazi vijito vyote na njia za madau. Kijito kikizibwa na miche, mmerudisha tatizo la hatua ya 3 kwa mikono yenu.

Onyo: Viriba vivuliwe na vyote virudi bara. Vihesabiwe wakati wa kutoka na wakati wa kurudi.

## Hatua ya 8: Hesabuni, na msome vifo

Wekeni alama kwenye viwanja vitatu vya mita 10 kwa 10. Hesabuni miche hai humo baada ya mwezi 1, miezi 3, 6 na 12, kisha kila mwaka.

Mche uliokufa unaeleza kilichouua. Uchunguzeni kabla ya kuziba pengo.

Umekatwa karibu na tope, au mbegu imetafunwa na kuburutwa kuelekea shimoni: ni kaa. Msimwekee sumu. Mashimo yake huingiza hewa na maji kwenye tope, na majani anayoyaburuta ndiyo yanayoanzisha mlo wa viumbe wengine humo, hadi kamba na samaki mnaowavua. Mwaka unaofuata tumieni miche iliyokomaa yenye shina gumu, kaa huiacha.

Kilele kimeliwa: ni mbuzi au ng'ombe. Dawa ni makubaliano ya kijiji, yaandikwe, na wafugaji wawe ndani ya kikundi.

Shina limegandwa na magamba meupe makali, kama yanayoganda chini ya mashua, au limefunikwa mwani: mmepanda chini mno. Kuyabandua hakusaidii, yatarudi. Hamieni juu.

Majani madogo, yamejikunja, ncha zimeungua: chumvi. Badilisheni aina au fungueni maji.

Mizizi myeusi, imeoza, tope linanuka vikali kama yai viza: maji yametuama. Rudini kwenye mifereji.

Mche umelala, mizizi iko nje: mawimbi. Ikiwa ni wengi, mahali hapo panaliwa na bahari, na kuongeza miche ni kupoteza mbegu.

Kwa mkoko uliopandwa vizuri, tarajieni jozi ya kwanza ya majani ndani ya miezi miwili hivi. Mwaka wa kwanza unaongeza jozi baada ya jozi bila kukimbia juu sana, kwa kuwa nguvu nyingi iko chini. Mizizi ya magoti huanza kujitokeza mwaka wa pili au wa tatu, na hapo tope huanza kukaa.

Katika daftari acheni safu moja pembeni, kwa miche ambayo hamkuipanda. Mwanzoni itakuwa na sifuri. Siku mtakapokuta mkandaa au mchu mdogo umeota katikati ya safu zenu, uandikeni hapo na tarehe yake, na msiung'oe ili kunyoosha mstari.